Barua kumi na moja, jibu hakuna: nifanyeje nipate nafasi ya fildi?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Shahada ya Uhasibu, katika chuo kimoja hapa Dodoma. Fildi yetu, yaani mafunzo kwa vitendo, inaanza katikati ya Julai, wiki nane. Nimepeleka barua kumi na moja kwenye wizara na taasisi za hapa mjini, sijajibiwa hata moja. CV yangu ni tupu, sijawahi kufanya kazi popote, labda kumsaidia mama dukani kwetu Makambako na kuhudumia wateja wa M-Pesa. Wenzangu wanasema bila mtu wa ndani hupati. Nimekuambatishia barua niliyotumia. Nakosea wapi? Na nikiitwa, nijibu nini?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma. Sarufi yake safi, anwani ziko mahali pake, hata "Husika na kichwa cha habari hapo juu" umeiweka. Tatizo ni kwamba ingeweza kuandikwa na mwanafunzi yeyote kwenda ofisi yoyote. Inasema unasoma, unahitaji nafasi "ili kutimiza masharti ya chuo na kupata ujuzi", na utashukuru ukikubaliwa. Yote hayo ni shida zako wewe. Anayeisoma ana za kwake.

Nimefanya kazi ya utumishi kwenye halmashauri kwa miaka mingi, nikipokea barua za aina hiyo kila inapofika Mei. Nikwambie afisa utumishi anajiuliza nini akiishika barua ya mwanafunzi. Anataka kuanza lini na kumaliza lini? Nimpeleke idara gani, na huko nani atakuwa na muda wa kumsimamia? Meza ipo? Atakuja kudai posho ambayo haimo kwenye bajeti? Chuo kinamtambua kweli? Barua ikijibu maswali hayo, kazi iliyobaki ni kumpigia simu mkuu wa idara. Isipojibu, inawekwa pembeni, na pembeni pale kuna nyingine arobaini.

Kabla ya kuandika upya, elewa pia safari ya barua ndani ya ofisi ya serikali. Unaikabidhi masjala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza majalada. Inagongwa muhuri wa kupokelewa, inaingizwa kwenye rejesta, inawekwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada. Jalada linapanda kwa Mkurugenzi au Katibu Mkuu, linashuka likiwa na maelekezo ya mstari mmoja, linafika kwa afisa utumishi, naye anauliza idara husika. Idara ikikubali, jibu linaandaliwa, linasubiri sahihi. Hapo mkuu akiwa safarini, kila kitu kinasimama. Mzunguko huu huchukua wiki kadhaa. Kwa hiyo barua ya fildi ya Julai inapaswa kufika masjala Machi au Aprili. Ya Juni mwishoni ni ya kubahatisha.

Kuna jambo moja kwenye barua yako lililonishtua kidogo: umeandika sanduku la posta la chuo na hukuweka namba ya simu. Majibu ya serikali mengi bado hutumwa kwa barua. Nenda leo kwenye ofisi ya chuo inayopokea barua, uliza kama kuna yako. Sisemi utaikuta, ila nimeona wanafunzi waliokubaliwa Mei wakijua Agosti, barua ikiwa imelala kwenye kisanduku cha chuo muda wote huo.

Dodoma si lazima

Tangu serikali ihamie Dodoma, wizara zote ziko hapo, na wanafunzi wa vyuo vyote vya hapo wanapeleka barua kwenye majengo yale yale. Unagombania dirisha moja na umati. Ukipata utafurahi, lakini utalipa pango la chumba miezi miwili ya likizo, na kuna uwezekano mkubwa wa kuwekwa kwenye chumba chenye wanafunzi sita mkigawana jalada moja.

Fikiria nyumbani. Makambako ina Halmashauri ya Mji wake, ina idara ya fedha yenye watu wachache na kazi nyingi. Ina vituo vya afya vinavyopokea fedha moja kwa moja na kuzihasibu kwenye mfumo wa kielektroniki wa serikali, mara nyingi wauguzi ndio wanaohangaika na hesabu hizo kwa sababu wahasibu hawatoshi. Mkoa wa Njombe una vyama vya ushirika vya mazao, una SACCOS za walimu na watumishi. Kuna wafanyabiashara wa mbao, viazi na parachichi wanaotakiwa kutunza risiti za EFD, zile za mashine za kodi, na kuwasilisha ritani (taarifa za kodi) TRA, na wengi wao wanamlipa mtu wa nje awafanyie. Huyo mtu wa nje, mwenye ofisi ndogo ya ushauri wa kodi na vitabu vya hesabu, ni mahali pazuri kuliko vyuo vinavyodhani: ndani ya wiki nane utashika hesabu za biashara tano tofauti. Hakikisha tu chuo chako kinakubali ofisi ya aina hiyo na kwamba msimamizi wa chuo ataweza kufika. Waulize mratibu wa fildi kabla, kwa maandishi.

Halafu kuna suala la majira, na hapa wahasibu mna bahati ambayo wenzenu wa fani nyingine hawana. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha 30 Juni. Taasisi za umma zinatakiwa kukabidhi hesabu zao za mwisho wa mwaka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kabla ya mwisho wa Septemba. Maana yake, Julai mpaka Septemba ofisi ya mhasibu inatafuta hati za malipo zilizopotea, inahakiki rejesta ya mali za kudumu, inasuluhisha akaunti za benki, yaani inalinganisha daftari lake na taarifa ya benki. Wewe unakuja na mikono miwili katika kipindi kile kile. Liseme hilo kwenye barua. Mweka Hazina akiona mwanafunzi anayejua kwamba Julai ni msimu wa kufunga hesabu, atainua macho.

Barua yenyewe

Kiini cha barua ningekiandika hivi. Nakiweka kama mfano tu, usikinakili neno kwa neno, maana wenzako nao wanasoma hapa:

*YAH: OMBI LA MAFUNZO KWA VITENDO KATIKA IDARA YA FEDHA, 13 JULAI HADI 4 SEPTEMBA 2026*

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Shahada ya Uhasibu. Naomba kufanya mafunzo kwa vitendo katika Idara ya Fedha ya Halmashauri yako kwa wiki nane, kwa tarehe zilizotajwa hapo juu. Barua ya utambulisho kutoka chuoni imeambatishwa.*

*Nimekwisha kusoma uhasibu wa fedha, uhasibu wa sekta ya umma na misingi ya kodi. Naweza kuandaa usuluhisho wa benki kwa Excel, na kupanga hati za malipo pamoja na kuhakiki viambatisho vyake. Tangu 2022, kila likizo, nimekuwa nikitunza daftari la mauzo la duka la familia na kufunga hesabu za jioni za wakala wa fedha za simu.*

*Kwa kuwa kipindi hiki idara inaandaa hesabu za mwisho wa mwaka, ningependa kusaidia katika sehemu ya malipo au mapato, lakini niko tayari kupangiwa sehemu yoyote ya idara. Naishi Makambako na nitajigharimia nauli na chakula. Fomu ya tathmini itajazwa na msimamizi wa ofisi, na mhadhiri wa chuo atanitembelea mara moja. Napatikana kwa simu namba...*

Aya tatu, ukurasa mmoja, sahihi kwa kalamu. Ona kwamba hakuna mahali ulipobembeleza.

Kuhusu hiyo sentensi ya kujigharimia, najua itawaudhi baadhi ya wasomaji. Mwanafunzi anayefanya kazi ya kweli anastahili angalau nauli, na zipo kampuni zinazolipa. Lakini kwenye halmashauri fedha hiyo aghalabu haimo kwenye bajeti, na hofu ya kudaiwa ndiyo inayofanya barua nyingi ziachwe. Ondoa hofu hiyo kwanza. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), angalia kwenye akaunti yako kama umepangiwa kipengele cha mafunzo kwa vitendo, kwa sababu si kila mnufaika anacho. Ukiandikia kampuni binafsi, sentensi hiyo iache kabisa, usiseme lolote kuhusu fedha mpaka wao waseme.

Lugha? Halmashauri na taasisi za umma, Kiswahili kinatosha na wengi wanakipenda. Benki, kampuni za ukaguzi na mashirika ya kimataifa, andika Kiingereza. Na muhimu kuliko lugha ni kumwandikia mtu sahihi: kwenye halmashauri barua inaelekezwa kwa Mkurugenzi wa Mji, si kwa mhasibu unayemfahamu, hata kama yeye ndiye atakayekupokea.

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili waombe wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala hiyo ndiyo tiketi yako ya kufuatilia. Baada ya wiki mbili unarudi au unapiga simu masjala na kusema: "Barua yangu ilipokelewa tarehe fulani, naomba kujua jalada limefika kwa nani." Hilo ni swali la mtu anayejua ofisi, nalo hujibiwa. "Naulizia barua yangu" halijibiki kirahisi, kwa sababu masjala inapokea barua za kila aina.

CV isiyo tupu

Umeniandikia kwamba CV yako ni tupu, na katika sentensi hiyo hiyo ukataja kazi uliyoifanya kwa miaka. Hebu tulitazame duka la mama kwa jicho la mhasibu. Asubuhi ulikuwa na floti, yaani salio la wakala, kwenye simu na fedha taslimu kwenye droo. Mchana kutwa watu waliweka na kutoa. Jioni ulitakiwa kuhakikisha kwamba floti iliyobaki ukijumlisha na taslimu iliyobaki inalingana na mtaji mlioanza nao, na kamisheni mkaihesabu kando. Siku isipolingana, ulirudi kwenye ujumbe wa miamala mmoja mmoja mpaka ukaona mteja aliyetoa laki moja ukamwandikia elfu kumi. Hiyo ni kazi ile ile utakayoikuta kwenye chumba cha mtunza fedha, tofauti ni ukubwa wa tarakimu na idadi ya sahihi.

Kwa hiyo kwenye CV, chini ya kichwa cha uzoefu, andika jina la biashara, mahali, miaka, kisha mistari mitatu: ulifunga hesabu za kila siku za wakala; ulitunza daftari la mauzo na la wadaiwa; ulihesabu mali dukani kila mwisho wa mwezi. Kama una tarakimu za kweli, ziweke, kwa mfano wastani wa miamala kwa siku. Kama huna, usizitunge. Mtu wa fedha atakuuliza umezipataje, na ukishindwa kueleza, CV nzima inapoteza uzito.

Yale mengine nitayapita haraka. Futa aya ya "malengo" iliyotoka kwenye kiolezo cha mtandaoni, futa kupenda kusoma vitabu na kutazama mpira, futa dini na kabila. Kurasa mbili zinakutosha, na moja ni bora. Barua pepe iwe na jina lako halisi. Tuma PDF iliyopewa jina lako, si faili linaloitwa "CV mpya mpya 3". Wadhamini wawe watu wanaoijua kazi yako: mhadhiri aliyekusahihishia kazi za vikundi, na mfanyabiashara jirani au msambazaji aliyekuwa akiwaletea mama bidhaa na kulipwa na wewe. Mama mwenyewe usimweke, hata kama ndiye anayekujua kuliko wote. Na waombe ruhusa kwanza. Mdhamini anayepigiwa simu na kuuliza "nani huyo?" ni hasara tupu.

Kuhusu Excel: ulisema kwenye CV kwamba una "ujuzi wa kompyuta". Hilo halisemi kitu. Jifunze vitu vitatu uvijue kweli, yaani kujumlisha kwa masharti, kutafuta taarifa kutoka jedwali jingine, na kutengeneza muhtasari kutoka orodha ndefu ya malipo. Chukua daftari la duka la mwezi mmoja, liingize lote, ufanyie mazoezi hapo. Unaweza hata kulibeba kwenye simu ukalionyesha.

Ukiitwa

Usaili wa fildi kwa kawaida si jopo la watu watano. Ni mkuu wa sehemu anayeinua kichwa kutoka kwenye makaratasi na kukuuliza, "Enhe, umesomea nini, unajua kufanya nini?" Hapa ndipo wengi hukwama, na si kwa sababu hawajui. Mmesoma kila kitu kwa Kiingereza, mkafanya mitihani kwa Kiingereza, halafu ofisini mazungumzo yote ni Kiswahili. Mwanafunzi mwenye alama za juu anaanza "inakuwa kama… ile…" mpaka muulizaji anarudi kwenye makaratasi yake.

Zoezi nililowapa wengi ni hili: mweleze mtu wa nyumbani usuluhisho wa benki mpaka aelewe. Tuseme daftari letu la benki linasema tuna shilingi 4,350,000. Taarifa ya benki inasema 4,812,000. Nani mkweli? Unapitia mistari, unakuta hundi ya 480,000 tuliyomwandikia mzabuni ambayo bado hajaipeleka benki. Unakuta pia benki imekata 18,000 za huduma ambazo sisi hatujaziandika. Upande wa benki toa 480,000, upande wetu toa 18,000, pande zote mbili zinasoma 4,332,000. Ukiweza kuyasema hayo kwa dakika moja, kwa utulivu, bila kutafuta maneno, umeshamaliza nusu ya usaili. Mama ako atakuwa mwanafunzi mzuri sana wa somo hilo, kwa sababu tofauti za jioni anazijua.

Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujalifikia darasani, kisha taja la karibu unalolijua. Ukiulizwa kama unaujua mfumo wa MUSE au NeST, usidai kwamba umeutumia, kwa kuwa wanafunzi hawapewi nywila za mifumo hiyo na muulizaji anajua. Sema unafahamu kwamba MUSE ndio unaopitisha malipo ya serikali na NeST ndio wa ununuzi wa umma ulioanza 2023 badala ya mfumo wa awali, TANePS, na kwamba ungependa kuona hati inavyotembea kabla haijaingizwa. Inatosha.

Huyo mtu wa ndani

Sitakudanganya, anasaidia. Lakini tazama anachofanya hasa: anakwenda masjala, anauliza jalada liko wapi, analisogeza. Sehemu kubwa ya kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa ile nakala yenye muhuri na simu mbili za heshima. Kama una mjomba kwenye ofisi fulani, mwombe akuulizie kama idara inapokea wanafunzi mwaka huu na barua ielekezwe kwa nani. Hiyo ni taarifa, haina ubaya.

Kinachokuwa kibaya ni pale mtu anapotaka fedha ili "akusukumie" barua, au anapotaka mkutane mahali pasipo ofisi. Nafasi ya fildi haiuzwi. Na kumtaka binti kingono ili apewe nafasi ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kwa yeyote anayetumia mamlaka yake kufanya hivyo. Tunza ujumbe aliokutumia, mweleze mratibu wako, piga TAKUKURU namba 113, ni bure.

Ukishaingia

Wiki ya kwanza huenda ukapewa kupanga majalada au kutoa nakala. Panga. Lakini unapopanga hati za malipo, zisome: nani aliomba, nani aliidhinisha, kuna ankara, kuna risiti ya EFD, kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla mtu hajalipwa, imekatwa? Ukiona hati haina kiambatisho, iandike kwenye orodha na umpelekee msimamizi. Orodha hiyo ni dhahabu kwa mtu anayesubiri wakaguzi. Usikubali kupewa nywila ya mtu hata akisema "niingizie tu hizi mbili", na usipige picha nyaraka za watu, hasa za mishahara.

Kitabu cha kumbukumbu kijaze kila jioni, si usiku wa kuamkia siku ya mhadhiri kukutembelea. Usiandike "nilisaidia idara ya fedha". Andika "nilihakiki hati 60 za Mei, 4 zilikosa risiti, nikamkabidhi msimamizi orodha". Mistari kama hiyo ndiyo utakayoihamishia kwenye CV yako ya mwaka wa tatu, na ukimaliza chuo ukaanza kujaza taarifa zako kwenye Ajira Portal, tovuti ya maombi ya ajira serikalini, au kuomba nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini kupitia TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, utakuwa na cha kuandika.

Kabla hujaondoka, omba barua ya kuthibitisha ulikuwepo, yenye tarehe na sehemu ulizofanyia kazi, na muulize msimamizi kama utaweza kumweka kuwa mdhamini. Iombe wiki ya saba. Ya nane huwa na safari, semina na watu walioko likizo.

Na ikitokea wamekukubali lakini wamekupanga masjala badala ya uhasibu, nenda. Fanya wiki mbili vizuri, kisha mwombe afisa utumishi akuhamishie idara ya fedha, ukimwonyesha kile kipengele kwenye barua ya chuo kinachotaja fani yako. Akikataa, mwarifu mratibu mapema, wiki ya tatu, wakati chuo bado kinaweza kupiga simu.